Kompyuta Iliyopimwa kwa Mizani ya Bucha

Bweni la Wasichana
Jumapili, 2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilipokupigia simu juzi sikusikia neno hata moja, ni msumeno wa mifupa tu uliokuwa unanijibu. Nimeona bora niandike, na barua naitia humu humu kwenye boksi, pamoja na kompyuta yako ninayokurudishia. Ndiyo, nakurudishia. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Baba, inanuka. Mwanzo nilidhani ni lile gazeti uliloifungia, nikalitupa. Nikaipangusa yote kwa pamba na spiriti, harufu ikabaki palepale. Juzi darasani ilipopata moto, feni yake ikaanza kupuliza, na darasa zima likanuka mafuta ya nyama yaliyochacha. Mhadhiri akasimamisha somo akauliza nani amekuja na chakula. Dada aliyekaa ubavuni mwangu alichukua begi lake akahamia nyuma, pua ameiziba kwa ukosi wa blauzi. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Niliporudi chumbani nikaanza kuing'oa vitufe. Chini ya kile kirefu nimekuta chembe za mfupa, na nywele, sijui za ng'ombe au za nani. Kwenye skrini kuna alama ya dole gumba iliyokaukia damu. Nilipoigeuza nitazame matundu ya feni, akadondoka mende mkavu, kisha wa pili ambaye hakuwa mkavu. Mwenzangu wa chumba, yule tunayemwita Bi Usafi kwa sababu hupangusa hata balbu, alikwenda kulala kwa jirani. Mimi nilitapika.

Na hata ingekuwa safi, ni kuukuu mno. Programu tunayoandikia kazi zetu, nikiigusa ifunguke, naweza kwenda kufua na kuanika nikarudi bado inafikiria. Betri inazima kabla mhadhiri hajafuta ubao. Nilikuandikia vizuri kabisa: kumbukumbu kubwa, diski ya kasi, betri ya kudumu, na iwe nyepesi. Nyepesi, Baba. Hii imenichubua bega.

Mtihani wa vitendo ni tarehe 14 Machi. Kila mtu anakuja na kompyuta yake, maana za chuo zimekufa karibu zote. Asiye nayo hafanyi, na asiyefanya anarudia mwaka. Kwa hiyo nakusihi, safari hii mwachie Mjomba achague, yeye ndiyo kazi yake. Na usihangaike kuja mwenyewe. Walinzi wa hapa wanasumbua, wanamhoji mtu mpaka ukoo. Mpe mtu yeyote alete. Hapa chumbani wanajua unashughulika na ng'ombe, inatosha.

Wako,
Binti yako


Bucha
Ijumaa, 7 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua nimeisoma nimesimama, wateja wamepanga foleni, na nilipofika kwenye mende nikawaambia wanisubiri nimalize.

Hao mende si wangu. Bucha yangu haina mende, mkaguzi ni shahidi. Wametoka kwa muuza kompyuta, na wala sishangai. Yule mtu analamba kidole ndipo anafuta kioo, na kidole chenyewe ametoka kuchokolea sikio. Nilitoka nje nikatema mate, nikarudi, kwa ajili yako tu.

Kuhusu harufu, mimi nimeinusa sikusikia kitu, ila pua yangu ilishakufa kabla hujazaliwa.

Sasa nikueleze nilivyochagua, usije ukadhani niliokota. Alinipangia nne mezani, akazisifia zote kwa maneno nisiyoyajua. Kila niliyoigusa akasema hii ndiyo kiboko. Sasa mwongo wa namna hiyo utamshikia wapi? Nikatoa mizani yangu ya kuning'iniza, ile ya maini, nikazipima moja moja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Zile nyepesi zote nikazirudisha. Tangu nianze kazi hii sijaona kitu kizuri kikawa chepesi; anayekupa chepesi ameshakutolea kitu ndani, au anakuuzia hewa. Nikachukua iliyozizidi zote. Uliandika nyepesi, ndiyo, niliona. Nikasema moyoni, mtoto ameshaanza kudanganywa huko, wacha nimwokoe.

Kisha nikaichomeka kwenye umeme, nikaiwasha juu ya gogo tangu kufungua mpaka kufunga, nione kama itazimika. Haikuzimika. Hayo mafuta ni ya hapo. Nilikuwa naipangusa kwa kile kitambaa changu.

Kwa Mjomba wako nimekwenda. Mkono wake ni laini kama ulimi mbichi, nikiushika natamani kunawa, lakini ni kaka wa marehemu mama yako na marehemu alimpenda. Anasema ana mzigo umeingia kutoka ng'ambo. Nikamwomba karatasi zake. Unanijua, nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi mimi siining'inizi. Akacheka, akanipiga bega. Sikupenda, ila tarehe yako inakuja mbio, nikanyamaza.

Nitatafuta mtu wa kuileta. Kwani hao walinzi wenu wanauliza nini hasa?

Baba yako


Dukani kwangu
Jumamosi, 15 Februari

Mpwa wangu wa nguvu,

Mambo vipi huko kwa wasomi. Mzee wako ataniua kwa kicheko. Kompyuta kwenye mizani ya maini! Nimesimulia mtaa mzima, na mwenye duka mwenyewe anasema alitaka kumuuliza kama amkatie na mafuta kidogo.

Sasa hii niliyokutilia humu ni mashine, siyo paja la ng'ombe. Imetoka ng'ambo ndani ya boksi lake, hakuna mkono ulioigusa. Nyembamba, nyepesi, kasi yake hutaamini, na chaji unasahau lini uliiweka. Wenzako watakoma.

Mambo madogo tu. Chini namba imekwaruzwa, usijali, ni mambo ya forodha. Kifuniko kina gundi ya stika, paka mafuta ya nywele itatoka. Ndani nimeshakuwekea kila kitu, usiipeleke kwa fundi yeyote akakuharibia. Na mzee akiuliza karatasi mwambie zimo kwenye boksi. Yule na mihuri yake ni ugonjwa.

Mjomba wako wa pekee


Bweni la Wasichana
Jumapili, 23 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mzigo umefika. Baba, hii ndiyo niliyokuwa naiomba. Inafunguka kabla sijakaa vizuri kitini. Nimeandika nayo kazi ya wiki nzima kwa siku moja, na begani siisikii kabisa. Yule dada aliyenihama amerudi kukaa karibu yangu, anajifanya hakwenda popote. Karatasi zimo kwenye boksi, Mjomba amesema.

Jambo moja tu, usilichukulie vibaya. Huyo mfanyakazi uliyemtuma sikumkuta, nilikuwa maktaba, akapokelewa na Bi Usafi. Anasema alikuwa ananuka kupita kiasi, madoa yamepenya kwenye shati, na alipoketi kwenye kiti cha mapokezi kiti kilibaki na alama ya mafuta. Bi Usafi amepuliza manukato ukumbi mzima, na amelisimulia mpaka kwenye meza ya chakula, watu wakasukuma sahani. Mimi nilicheka nao, nifanyeje. Ukimtuma tena mwambie aoge kwanza na asikae. Hata kama hakusoma, kuoga hakuhitaji cheti.

Asante sana kwa kila kitu.

Binti yako


Bweni la Wasichana
Ijumaa, 28 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Uliniambia kompyuta hii imetoka ng'ambo na hakuna mkono ulioigusa. Siku ya kwanza nilipoiwasha humu bwenini, iliingia kwenye mtandao wa jengo letu yenyewe, bila kuniuliza neno la siri. Nilifurahi tu kama mjinga. Jana mwanafunzi mgeni akaniomba neno la siri la mtandao, nikafungua mdomo kumtajia, ndipo nikakumbuka kwamba kwenye kompyuta hii sijawahi kuliandika. Mjomba, mtandao huu hauko popote duniani ila kwenye jengo hili. Kitu kilichotoka ng'ambo kimeujuaje?

Yuko msichana wa ghorofa ya juu, tunamwita Mrefu, tuko darasa moja. Kompyuta yake iliibwa wakati wa likizo na kazi zake zote zikaenda nayo. Tangu hapo anaandika programu kwa kalamu, kwenye daftari, halafu anazunguka kuomba ya mtu dakika chache ajaribu kama inafanya kazi. Jana hiyohiyo nilimuuliza yake ilikuwaje. Akasema ilikuwa na stika ya jua kwenye kifuniko, aliibandika mdogo wake. Nikarudi chumbani nikaitazama ile gundi ambayo nimekuwa nikiipaka mafuta ya nywele. Ni duara, na ina miale.

Sijala tangu jana. Kila kitufe ninachogusa nahisi kidole cha mtu kiko chini ya changu. Niambie uliipata wapi.

Mpwa wako


Dukani
Jumatatu, 3 Machi

Mpwa,

Punguza presha. Mimi nimenunua kwa mtu, na huyo mtu amenunua kwa mtu. Nani humuuliza mwenye bucha ng'ombe alizaliwa zizi la nani? Fanya hivi: futa huo mtandao, uingie upya kama mgeni, bandika stika yako juu ya alama, basi, mchezo umekwisha. Mtihani uko mlangoni, wewe unaleta maswali ya polisi.

Na huyo Mrefu, kwa kuwa hana kompyuta, mlete kwangu. Ninazo nzuri, nitampunguzia kwa ajili yako.

Mzee wako asisikie. Presha itamuua na lawama nitapewa mimi.

Mjomba


Bweni la Wasichana
Jumatano, 5 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakutilia humu barua ya Mjomba, isome mwenyewe, mimi siwezi kuirudia kwa maneno yangu. Ile kompyuta ni ya wizi, na aliyeibiwa ni msichana anayelala juu ya dari yangu. Usiku namsikia akitembea. Mjomba anataka nimpelekee akamuuzie nyingine.

Wiki ijayo ni mtihani. Nikiirudisha sina kitu, na mwaka nitaurudia. Nikibaki nayo nitafaulu, na hakuna atakayejua, kwa sababu kazi zake zote ndani zimeshafutwa na ile alama imetoka. Nilitapika kwa ajili ya mende wa ile ya kwanza. Hii inang'aa, haina hata vumbi, na nikiifungua natamani kutapika zaidi.

Nifanye nini, Baba?

Binti yako


Bucha
Jumamosi, 8 Machi

Binti yangu,

Nilifunga bucha mchana, nyama imening'inia, nikaenda kwa Mjomba wako. Sikumgusa. Alininyooshea ule mkono wake, nikautazama mpaka akaurudisha mfukoni. Nimemwambia asikanyage tena kwangu, hata kununua utumbo. Niliwahi kupasua ng'ombe aliyenona vizuri nikakuta ndani amejaa usaha, nikamtupa mzima shimoni, na siku ile sikuona kinyaa kama hiki. Nilikuwa namvumilia kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe amekwisha kufa.

Sasa unaniuliza ufanye nini. Mimi nasema kaa nayo. Kuficha unaweza.

Yule mfanyakazi anayenuka ni mimi. Nilitaka kukuona, basi, na nikaona hao walinzi wako watanifanya nini. Nilipitia machinjioni kwanza kwa sababu mzigo haungoji, nikavaa shati safi juu ya la kazi, lakini safari ni ndefu na jasho likapenya. Walinzi hawakuniuliza chochote. Aliyeniuliza ni mwenzako. Alishuka ngazi, akasimama mbali, akasema, "Wewe ndiye mfanyakazi wa daktari wa mifugo?" Nikamuuliza daktari gani. Akasema, "Si baba yake huyu mwenzangu."

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kile kiti, siyo kwa kukosa adabu. Kisha nikamwambia, "Ndiyo, mimi ni mfanyakazi wake." Nikaacha boksi nikaondoka. Nilikuwa nimekukaangia nyama nyumbani, nikaila mwenyewe njiani. Halafu ukaniandikia nioge.

Kwa hiyo usiniulize nafikiri nini juu ya kitu kisicho na muhuri. Umekulia chini ya meza yangu, jibu unalijua tangu hujaota meno ya pili. Ulichotaka ni mimi ndiye niseme. Nikisema rudisha, ukifeli utanilaumu. Nikisema kaa nayo, tutakuwa wawili. Haya, nimesema kaa nayo. Tuko wawili. Unajisikiaje?

Ile nzito iko chini ya meza. Nilifungua skrubu zote nikaisugua ndani kwa mswaki. Wateja wanasema bado inanuka kidogo.

Mfanyakazi wa daktari


Bweni la Wasichana
Jumanne, 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Najisikia vibaya, kama ulivyotaka. Msamaha sitauomba kwa kalamu, nitauomba ukiwa mbele yangu.

Nimeirudisha. Nilipanda juu nikagonga, Mrefu akafungua mlango na daftari lake mkononi. Alipoiona aliichukua. Aliiwasha, akatafuta kazi zake, hazipo. Nikamweleza yote, na la Mjomba, na kwamba ni mjomba wangu wa damu. Akachukua pamba na spiriti akaanza kuipangusa mbele yangu, kitufe kimoja kimoja, kama mimi nilivyoipangusa ya kwako. Alipofika katikati akasema, "Ulikuwa unanipita hapo kwenye ngazi, unaniona na hili daftari." Ningeweza kumwambia kwamba siku nyingi nilikuwa sijui. Lakini ziko siku ambazo nilikuwa najua, na nilimpita. Leo darasani amehama safu, na safari hii anayenikimbia ana haki.

Nimemwambia na Bi Usafi. Nimemwambia baba yangu ana bucha, hajawahi kuwa daktari wa kitu chochote, ni mimi niliyeona haya. Akasema, "Kwa hiyo yule mzee," akaishia hapo, akakaa kitandani. Hatujaongea vizuri tangu hapo. Manukato hajapuliza tena.

Mtihani ni Ijumaa saa nne asubuhi. Nahitaji ile nzito. Nimemuuliza mhadhiri, anasema kompyuta yoyote inayowaka inaruhusiwa, na nitakaa karibu na umeme. Ile programu kubwa haitaiweza, nitaandika kwenye ukurasa mtupu, makosa niyatafute kwa macho yangu mwenyewe. Pengine nitafaulu, pengine nitarudia. Watu wakiziba pua, waache wazibe.

Usimpe mtu. Ilete wewe. Na usibadilishe shati.

Binti yako


Kwa mlinzi wa lango kuu
Ijumaa, 14 Machi, asubuhi

Kaka, habari za kazi.

Mimi naingia sasa kwenye chumba cha mtihani na hawataniruhusu kutoka, ndiyo maana nakuachia karatasi hii. Kabla ya saa nne atafika mzee mwenye boksi zito. Utamsikia kwa pua kabla hujamwona, ananuka bucha, na shati lake lina madoa. Akikwambia yeye ni mfanyakazi tu ametumwa kuacha mzigo, usimwamini na usilipokee hilo boksi. Tafadhali mlete mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Akitaka kupumzika, mpe kiti chako.

Ni baba yangu mzazi.

Binti wa mwenye bucha